Kaka Yangu na Skrubu

Jumamosi, tarehe 9 Agosti, asubuhi, nilikuwa nimelala chali chini ya gari la marehemu Baba, uani kwetu Namakwekwe, Mbale, tochi mkononi. Usukani ulikuwa umelegea: ulizunguka upana wa kiganja kabla magurudumu hayajatii, na kitu kikagongana chini. Jumatatu kaka yangu alikusudia kumpeleka Mama Jinja kwa gari hilo, akapasuliwe jicho.

Kaka ni mwanajeshi mstaafu anayeishi Kimaka, hukohuko Jinja, na sijapata kumwona akikutana na kitu kilicholegea asikikaze. Aliwasili Ijumaa, akafungua boneti, akakaza skrubu ya sanduku la usukani mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akanawa mikono. "Usukani iko na nidhamu sasa," alisema kwa Kiswahili cha kambini, anachokitumia anapotaka mjadala ufungwe. Nikalizungusha gari mtaani. Kwenye kona ya kwanza usukani ulibaki umekata kona, haukurudi wenyewe. Ilinibidi niurudishe kwa mikono miwili, na ule mgongano wa chini ulikuwa ungali ukisikika.

Kuutafuta ulegevu kunahitaji watu wawili: mmoja atikise usukani, mwingine atazame chini. Nilimwomba atikise. Alicheka, akasema ofisa hakai kama abiria huku mwanamke yuko chini ya gari. Akaniambia nirudi shuleni nikafundishe fizikia yangu. Basi nikamwomba alale chini yeye. Alitazama suruali yake, ambayo ilikuwa nyeupe. Mtu aliyetusimulia miaka ishirini habari za mahandaki alishindwa na vumbi la ua wa mama yake.

Mama, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, alipanda akashika usukani.

"Afande, sogea," alimwambia. "Unanizibia mwanga."

Akatikisa kushoto, kulia. Fimbo ya usukani ilikwenda, gurudumu halikwenda. Kiungo kilichoviunganisha kilikuwa kimelika, kikicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nilimweleza kaka. Alijibu kwamba hicho ni kitu kidogo, Jinja tungefika.

Nilikifungua nikihesabu mizunguko, ili kipya kije kikae palepale, kisha nikakitia mfukoni. Gari lisingeweza tena kwenda popote. Jumatatu Mama alisafiri kwa basi, kaka kando yake akiwa amenuna. Mimi nikanunua kiungo kipya, nikakifunga, nikailegeza ile skrubu aliyoikaza kaka.

Majuma matatu baadaye nilisikia kwamba anasimulia Kimaka jinsi alivyolitengeneza gari. Nilimwandikia barua, maana kwenye simu angenikatiza.

"Kaka mpendwa,

Jicho la pili la Mama litapasuliwa Alhamisi ijayo. Nitamleta mwenyewe, kwa gari. Kuhusu nani alilitengeneza, waambie majirani upendavyo; sifa hiyo siihitaji. Ila usije Mbale kutuchukua, wala usiombe ufunguo tukifika. Mama ameufunga kwenye pindo la kanga yake, na amesema nikuandikie hivyo hivyo.

Mdogo wako."