Dawa ya Pari

Mwaka jana mke wangu alirudi kwa mama yake, mtaa wa Kenya hapahapa mjini kwetu, akiwa na sanduku moja na sufuria ya bukari, yaani ya kusongea ugali. Sanduku pekee lingenipa matumaini. Sufuria ndiyo iliyoniambia kwamba hatanii. Hakupiga kelele. Alisema atarudi siku nitakapoacha pari, na kwamba safari hii hataki kiapo, anataka kuona. Viapo vyangu alikuwa ameshavisikia vyote, hata kile cha Ijumaa Kuu, ambacho kilidumu mpaka mechi ya Pasaka.

Pari kwetu ni kubashiri mpira. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Watoto wakikokotoa sehemu ubaoni, mimi chini ya meza nilikuwa nakokotoa kona na penalti. Niliona aibu, nasema wazi, na bila mke wangu nyumba ilinishinda hata kuifungua mlango. Nikaenda hospitali.

Huko nilipokelewa na watu wawili. Daktari alinipa kidonge cha kumeza kila asubuhi. Alisema hakitaushika mkono wangu, ila kitapunguza utamu, mpaka mchezo uwe kama sombe, kisamvu chetu, isiyo na chumvi. Mwanasaikolojia, mama mpole asiyecheka upesi, alinipa daftari. Kila nikishikwa na hamu niandike siku, mahali, na hamu imefika wapi kutoka sifuri hadi kumi, kisha ningoje ipite, maana hupita. Kila Alhamisi tulilisoma pamoja. Wiki ya kwanza aliniomba, kwa heshima, niache kalamu nyekundu, na nisijiandikie pembeni "bidii iongezwe".

Kosa nililifanya kwa kinyozi wangu. Asubuhi moja nilimeza kidonge nikiwa kitini kwake, akauliza ni dawa ya nini. Nikajibu, "Ya pari." Sasa, dawa ya malaria hufukuza malaria, lakini dawa ya mapenzi huleta mapenzi, na Kiswahili hakijisumbui kueleza ni ipi. Mimi nilisema ile ya kwanza, yeye akasikia ile ya pili. Alizima mashine nikiwa nimenyolewa nusu kichwa, akaninong'oneza nimeipata kwa nani. Nikamwambia hospitali. Akatabasamu kwa upole, kama mtu anayejua kuheshimu siri ya mwenzake.

Jumapili, baada ya misa, walinisalimia wanaume watatu ambao hawakuwahi kunisalimia. Wa kwanza aliomba nusu kidonge tu. Wa pili alichungulia daftari langu, akaona 8, 6, 9 kabla sijalifunga, akaondoka akizirudia namba hizo midomoni kama rozari. Wa tatu alinifuata mpaka nyumbani, akafunga kuku mlangoni, akakimbia.

Jumatano mama mkwe akaniita. Habari zilikuwa zimemfikia, na katika familia ile ya wakatoliki mtu wa hirizi hapewi hata maji. Nami, kwa kuwa mkwe haendi mikono mitupu, nikambeba yule kuku. Alikuwa mweupe pe. Mtu mzima, mwalimu, sikufikiria hata kidogo kuku mweupe ataonekanaje.

Kwa desturi yetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Yeye aliketi mlangoni amenipa mgongo, mimi niliketi uani nikiutazama ukuta, na katikati yetu alisimama mke wangu, ambaye hakuwa anaongea nami, atufikishie maneno.

"Muulize kama iko kweli anakunywaka dawa ya pari."

Mke wangu alinyanyua kidevu tu kuelekea kwangu.

"Ni ya kuacha," nikasema. "Haiko ya kushinda."

"Muulize ile kuku ya mweupe ni ya nini."

Kuku akachagua dakika hiyohiyo kupiga kelele. Nikaeleza, nikajichanganya, nikaeleza tena. Nilikuwa naiona ndoa yangu ikivunjwa na silabi moja, hiyo "ya", na niliogopa kweli. Sikuwa na ushahidi mwingine ila daftari, nikampa mke wangu.

Alisoma polepole. Jumatatu, kioski cha kona, 9, nimengoja, imepita. Jumanne, mlango wa shule, 8, nimengoja, imepita. Akafunua kurasa. Namba zilikuwa zinashuka, 5, 3, 3, na mabega yake nayo yakawa yanashuka. Halafu kidole chake kikasimama.

"Na hii kumi?" Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha baada ya miezi miwili. "Jumapili mangaribi. Ilikuwa match gani?"

Aibu niliyoona pale inazidi zote za kabla.

"Hakukuwa match. Nilikuta foulard yako ya kufunga kichwa nyuma ya mulango."

"Na ulifanya nini?"

"Nilingoya. Haikupita."

Nikasikia kiti kinakwaruza sakafu. Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa amegeuka mzima mzima, ananitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu.

"Ile, mukwe," aliniambia mimi mwenyewe, "haina dawa."

Kisha akamtuma binti yake ndani akalete ile sufuria aliyokuja nayo.