Kila Gitaa Lina Kasoro

Jamani, mume wangu ataniua na magitaa yake.

Ni fundi friji. Mchana kutwa kainama nyuma ya friji za watu, na mwisho wa wiki anapiga gitaa la solo kwenye bendi ya kaka yake, yaani shemeji yangu. Miaka nenda miaka rudi anasimama ubavuni mwa spika. Mwaka huu shemeji akaanza kulalamika kwamba gitaa lake kali mno, linawachoma watu masikio, na mwenye ukumbi wanamopiga ametishia kuita bendi nyingine. Akampa sharti: atafute gitaa la umeme la sauti tamu, lile la tumbo nusu, asipolipata ampishe mtu mwingine. Gitaa hilo lina matundu mawili ya kujipinda kifuani. Ndani mbavu ni tupu, ila katikati kumepita gogo la mbao la kulizuia lisipige mluzi ovyo likiwa karibu na spika.

Kazi rahisi, au siyo? Thubutu.

Kila Jumamosi ananikokota dukani, mimi fundi cherehani mwenye magauni ya watu mezani. Gitaa la kwanza akasema limefifia. La pili eti kama limefunikwa blanketi. La tatu, jekundu, lilinisisimua hata mimi nisiyejua muziki, yeye akalirudisha ukutani akidai halina uhai. Muuzaji ni mtu mpole, lakini siku hizi akituona tunaingia anashusha pumzi kwanza. Shemeji naye akapata la kusema: mchagua jembe si mkulima. Mbele yake nilimtetea mume wangu, ila nyumbani nilimpasha. Nilimwambia anaogopa kunyang'anywa nafasi, ndiyo maana anatafuta visingizio. Yeye akala akalala.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nimevimba. Nilimwambia njiani kwamba leo tunatoka na gitaa, la sivyo asiniite tena. Akachomeka tena lile jekundu, akazungusha kitufe cha sauti kali mpaka mwisho, akavuta kiti karibu kabisa na spika kubwa, akaanza kupiga.

Hata gogo lina kiasi chake. Ukazuka mluzi mwembamba, mkali kama sindano. Muuzaji akaziba masikio. Mteja aliyekuwa mlangoni akatoka nje. Mimi nilishika kichwa kwa mikono miwili, meno yananiuma. Mume wangu akaendelea kupiga taratibu, kafumba macho, kainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Muuzaji alikimbilia spika akaizima. Ndipo mume wangu akafumbua macho na kunikuta nimeshika kichwa.

"Kuna nini?" akauliza.

Nikamwambia gitaa lilikuwa linapiga mluzi.

"Mluzi gani?"

Muuzaji akatazama chini. Nilimwona mume wangu akiyahesabu magitaa ukutani kwa macho, moja baada ya jingine, yote aliyoyakataa. Nilijionea aibu, na nilimwonea huruma.

"Mama Pacha," akasema polepole, "mimi nilidhani ni magitaa."

Nilisogea nikamshika bega. Muuzaji akajifanya ana kazi upande wa pili wa duka. Kisha mume wangu akaomba spika iwashwe tena, akasogeza kiti mbali nayo. Akaniambia nisimame mbele yake.

"Kaka asijue," akasema.

Akapiga kidogo, akanitazama. Nikakunja uso. Akapunguza sauti kali, akapiga tena, akanitazama tena. Akazidi kupunguza mpaka uso wangu ukakunjuka. Hapo akakiacha kile kitufe, akapiga wimbo mzima bila kuondoa macho yake usoni mwangu.