Injini Iliyoteremka Peke Yake

Musau alikuwa Mkamba wa Kangundo, na katika shamba lile la mkonge kati ya Ruiru na Thika hapakuwa na mtu aliyeijua reli ndogo kumshinda. Miaka kumi na mmoja aliendesha injini kuukuu ya gia, ikivuta matoroli ya majani ya mkonge kutoka mashambani hadi kiwandani kwa moshi na makelele. Mwaka wa hamsini na nne meneja akaleta mpya. Ilikuwa ya dizeli, fupi, nene, ya rangi ya kijani, na wala haikuwa na klachi. Nguvu yake ilipita ndani ya oili, si kwenye meno ya gia, na ukisukuma mkono wa chuma iliondoka polepole bila kushtua hata toroli moja. Musau aliipenda. Msinicheke, aliipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wa maziwa.

Fundi aliyeileta kutoka Nairobi alimwambia jambo moja na akalirudia. Injini ya zamani ukiizima ikiwa kwenye gia, meno huishikilia hata mteremkoni. Hii ukiizima, oili haishikilii kitu. Kaza breki mpaka mwisho, kisha weka kabari ya mti chini ya gurudumu. Musau akaitikia. Kusikia alisikia, shida ilikuwa mkono wake, maana ulikuwa umezoea mambo ya ile nyingine.

Kabari yenyewe ilikuwa kazi ya Gachanja, mfunga matoroli, Mkikuyu mrefu mwenye maneno mengi. Akishafunga alikuwa anagonga ubavu wa mashine mara mbili kwa kipande cha chuma, na Musau akajua ni kwenda. Miaka minane hivyo. Mchana walikula sufuria moja, na kila siku Gachanja alimwuliza kama kwao Ukambani kuna mtu anayejua kupika. Mke wa Musau alikuwa Kangundo, akimwona mwisho wa mwezi akibahatika. Rafiki mwingine pale shambani hakuwa naye.

Basi siku moja asubuhi ikaja habari kwamba nyumba ya Gachanja inabomolewa. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, Wakikuyu wanahamishwa na kutiwa katika vijiji vya nyaya za miba, na mkewe Nyawira alikuwa peke yake na watoto. Gachanja alifunga matoroli haraka haraka, akitazama njia ya nyumbani. Musau akamwonea huruma, akamwambia aende, kabari ataweka yeye. Gachanja akaenda mbio, bila barua ya ruhusa.

Mchana ulipofika Musau alisimamisha mashine upande wa juu wa kiwanda, pale reli inapoinama. Akaacha mkono wa chuma mbele, akaivuta breki kidogo tu, akazima, akashuka kwenda kula. Yaani alifanya yote sawasawa, kwa injini ile nyingine. Kabari ilibaki juu ya kiti. Alikuwa hajafika nusu ya chakula aliposikia magurudumu.

Mashine iliteremka na matoroli sita, ikavunja jukwaa la kupakulia na ukuta wa kiwanda. Watu walikuwa wametoka kwenda kula, hakuna aliyeumia. Lakini mwaka ule nani angeuliza habari za oili? Waliuliza Mkikuyu yuko wapi. Askari walimkamata njiani akirudi, amebeba godoro la watoto kichwani, na alichosema ni kwamba dereva alimruhusu, wamuulize.

Wakamuuliza Musau hapo hapo, mbele ya Gachanja. Meneja akasema, "Musau, wewe ulimruhusu?"

Musau aliutazama ukuta. Aliona mashine anapokonywa, na nyumba yake ya laini ya wafanyakazi anapokonywa, na yeye mwenyewe amepandishwa lori la askari. Aliogopa, ndiyo ukweli.

"Sikujua ameenda wapi," akasema.

Maneno matatu, jamani. Mtu mzima, na ndevu zake. Gachanja alimtazama, akaweka godoro chini vizuri, akapanda lori.

Mashine ilitengenezwa na Musau akarudishiwa. Wakampa mfunga matoroli mwingine, akamkataa, wa pili akamkataa pia. Akawa anashuka mwenyewe, anafunga, anapanda, halafu anakaa kidogo akingoja kugongwa ubavuni, ndipo anakumbuka. Mchana alikula amesimama. Nyawira alikuwa akikata mkonge kando ya reli, na akimwona alimsalimu kwa heshima, akamuuliza kama amesikia lolote la mumewe. Hakujua kwamba Musau ndiye aliyemkana mumewe. Musau alimjibu hapana, na siku hizo sufuria ilirudi nyumbani na chakula chake.

Mara tatu alifika mpaka mlango wa ofisi, mara tatu akageuka. Mwishowe akaapa kwamba Gachanja akirudi atamwambia kwanza yeye, halafu meneja, hata kama ni kufungwa afungwe. Kiapo hicho ndicho kilichomlaza na kumwamsha miaka minne.

Gachanja alirudi mwaka wa hamsini na nane. Alikuja kando ya reli asubuhi, amekonda, meno ya mbele hayapo. Musau alizima mashine, akakaza breki, akaweka kabari, ndipo akamwendea. Akamweleza yote, habari ya mkono na kabari na woga, machozi yakimtoka.

"Leo hii naenda ofisini," akasema. "Nitawaambia ni mimi."

Gachanja akamwambia akae chini. Akamweleza kwamba kule kambini alikofungwa hutoki mpaka ukiri. Waliokula kiapo cha kumpinga mzungu walikiri, wakaenda zao. Yeye hakuwa amekula chochote. Miaka mitatu aliwaambia hana la kukiri, na miaka mitatu walimrudisha kuvunja mawe. Mwaka wa nne akawaambia ndiyo, aliitoa ile kabari kwa mkono wake akaisukuma mashine. Wakafurahi, wakaandika, akatia kidole gumba.

"Ukienda kusema ni wewe, nitakuwa niliwadanganya," Gachanja akasema. "Watanirudisha. Mashine niliiangusha mimi, Musau. Nimefungwa miaka minne kwa ajili yake. Usiseme kitu, hata kwa Nyawira."

Musau akamwomba basi amtukane, au ampige. Gachanja akasema amechoka, na watoto wanamngoja nyumbani. Akainuka, akafuata reli taratibu mpaka mkonge ukamficha.

Nyapara akapiga kelele kutoka kiwandani, kwamba matoroli yanangojwa. Musau akaenda kufunga, kisha akapanda. Alifanya kazi pale miaka kumi na tatu zaidi, na hakumwambia mtu.