Mzibua Mitaro na Maji Yaliyokataa Kuondoka

Mjinga wa asubuhi hiyo nilikuwa mimi. Nilifika na viatu vya ngozi, na daftarini nilikuwa nimeshaandika kichwa cha habari: "Mafuriko yavamia nyumba ya wapangaji."

Mama Koleo anakisoma, anacheka hadi anashika kiuno. Yumo mtaroni, maji magotini, koleo begani. Ana miaka hamsini na minne. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza akizibua mitaro ya watu.

"Mwanangu, nani kakudanganya?"

"Mwenye nyumba."

Anaokota kizibo cha chupa, anakidondosha majini. "Kikiondoka, andika mafuriko."

Nakikodolea macho dakika tano nzima. Hakisogei hata kidogo.

"Umeona? Mafuriko ni mto umepita kingo. Yanakuja mbio, yanabeba sufuria zako, yanakwenda zake. Gharika ndiyo usiombe. Hiyo inameza mtaa mzima. Mimi ilinichukulia mume na kitanda siku moja. Kitanda kilipatikana."

Anafuta uso kwa kiwiko. "Haya yametuama tu. Kuna kitu kimeyazibia njia."

Yametuama siku ya kumi na tisa sasa. Chumba cha tatu anapanga binti wa Mama Koleo, na kichanga wake wa miezi miwili anakohoa juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali. Kwa kawaida mtaro mmoja humpa Mama Koleo chakula cha siku mbili. Huu anauzibua bure.

Koleo linagonga kitu kigumu. Ni ngazi za saruji, mpya kabisa, zimekalia mdomo wa mtaro.

"Bila kuzivunja, nachota bahari kwa kijiko," anasema. "Nataka mjukuu wangu alale pakavu wiki hii. Hapo ndipo nitaupumzisha huu mgongo."

Mwenye nyumba anatokea juu ya ngazi hizohizo, soksi zake kavu.

"Mama, ngazi zangu usiziguse! Haya ni mafuriko, kazi ya Mungu. Hata mwandishi kaandika!"

Nakata kichwa changu cha habari kwa mistari miwili. Mama Koleo anachomoa nyundo kiunoni, anamnyooshea mwenye nyumba mpini.

"Mafuriko yangeshaondoka, baba. Haya umeyajengea ngazi, yakajiona wapangaji."