Nilikopa minerval kwa gramu za dhahabu: soma neno linalofuata namba

Wakuu, habari za mchana. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sitatia chumvi.

Mimi ni mwalimu hapa Kasongo, mzaliwa wa Lusangi. Baba yangu analima mpunga. Nilipobakiza miaka miwili kwenye chuo cha ualimu, mpunga haukutosha tena kulipa minerval, yaani ada ya mwaka.

Nikapanda pikipiki mpaka Salamabila, kwenye machimbo, kwa Papa Ramazani, mnunuzi wa dhahabu anayefahamiana na baba. Akanipa dola taslimu, akabaki na diplome yangu ya sekondari kama rehani.

Kosa langu liko hapa, someni taratibu.

Kwenye karatasi hakuandika dola. Aliandika "gramu tano". Kule watu wanahesabu hivyo hata wakiuziana pikipiki, nikaona ni kawaida. Nikatia sahihi.

Nikawa natuma pesa kidogo kidogo, na bei ya dhahabu nayo inapanda. Dola zilizokuwa zinafuta gramu nzima zikawa hazifuti hata robo tatu. Nikarudisha dola zote alizonipa, na bado nikadaiwa gramu moja na nusu.

Chuo kikasema bila diplome ya sekondari sitatetea kazi yangu ya mwisho. Zilibaki wiki tatu.

Nikarudi Salamabila. Sikwenda kugombana. Papa Ramazani si mwizi. Bei ingeshuka, hasara ingekuwa yake.

"Papa, tubadilishe neno moja tu. Zilizobaki tuziandike kwa dola, bei ya leo. Nitamaliza nikipata kazi."

"Mimi sijui dola, mutoto. Mimi najua mizani."

"Na binti yako Asha akiingia chuo, utamkopea kwa mizani?"

Mke wake, aliyekuwa anachagua mchele pembeni, akacheka. "Baba Asha, mujibu mwalimu."

Papa Ramazani akachukua karatasi. Kisha akakata "gramu", akaandika dola, akanirudishia diplome.

"Ukinikimbia, nitakuja kukudai mu darasa, mbele ya watoto."

Nilitetea, nikapata kazi. Kwa mshahara na mpunga wa baba, deni limekwisha.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kusoma kwa mkopo si aibu, na inawezekana. Ila kabla ya sahihi, soma neno linalofuata namba. Uliza: hiki kipimo kikipanda, nani atalipa?

Mwezi uliopita Papa Ramazani alinifuata hapa Kasongo na karatasi ya minerval ya Asha. Imeandikwa kwa dola, inalipwa kwa franka, kwa bei ya siku.

"Mwalimu, mbona hii franka iko inaongezeka kila nikirudi chuoni?"

"Papa, hiyo dola ndiyo gramu yako."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Tukaenda kulipa siku hiyohiyo, kabla haijapanda tena.

Mwenye deni la masomo aandike hapa chini: lako limeandikwa kwa dola, kwa franka, au kwa mpunga? Tulisome pamoja.