Elspet Dewar na Jina Lililoiba

Nikuambie mapema: Elspet Dewar hakuwa mpole, na atakayekuambia alikuwa mpole, ujue hakuwahi kumkosea. Niliuza mikate kwa gari katika mabonde ya Killin miaka thelathini, kila Jumanne nikisimama mlangoni pake, na siku niliyompa mkate wa juzi alininunia kuanzia Pasaka mpaka mavuno.

Aliishi peke yake Bonde la Dochart na kondoo wake. Aliwahi kuolewa na MacNab mmoja, akamzika, lakini jina la mume hakulitumia hata siku moja. Langoni kwake paliandikwa Dewar kwa rangi nyeupe, na wageni wa kiangazi wakiliona walisimamisha magari.

"Ninyi ndio wale wa wiski?"

"Hapana."

"Basi wa yule profesa aliyebuni chupa ya chai?"

"Huyo alibuni, wengine wakauza, akaenda mahakamani, akashindwa. Angekuwa wa kwetu angewafuata mpaka kwao."

Wageni walicheka. Elspet hakuwa anatania. Jina hilo kwa Kigaeli, lugha ya zamani ya milima hii, ni la mgeni, mtu wa njiani, na kina Dewar wa huku walikuwa watunzaji wa vitu vya Mtakatifu Fillan. Aliyetunza fimbo ya mtakatifu alikuwa na kazi yake: ukiibiwa ng'ombe nawe unamwogopa mwizi, unampa Dewar jozi ya viatu na chakula cha usiku wa kwanza, naye anaifuata mali yako popote ndani ya ufalme. Imeandikwa tangu mwaka 1428. Fimbo yenyewe ilihamia Kanada na Dewar mmoja, ikarudishwa, sasa imo ndani ya kabati la kioo, katika jumba la makumbusho Edinburgh. Kazi ikabaki kwa Elspet, au ndivyo alivyoamini.

Julai ya 1971 tulipanda mlima wake kuwateremsha kondoo wakakatwe manyoya. Majike arobaini hawakuonekana, wao na wana wao. Aliyezoea mjini atasema nunua wengine. Hajui kitu. Kondoo wa mlima wazi hafungiwi ua; anakaa pale kwa sababu mama yake alikaa pale, na bibi yake kabla ya mama. Ukileta wa kununua, kesho wametawanyika mpaka bonde la tatu. Arobaini wale ndio walioujua mlima. Bila wao, Elspet hana shamba, na alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Askari wa Killin alikuja, akanywa chai, akasema labda wamepotea.

"Kondoo wangu hawapotei," alisema Elspet. "Zilizopotea ni akili zako." Kisha akanigeukia. "Lachie, nipe viatu."

"Viatu vya nini, bibi wewe?"

"Ndiyo desturi. Halafu utaniendesha."

Nilimpa mabuti ya mke wangu, na mke wangu hajanisamehe mpaka leo. Wiki sita nilizunguka na mikate nyuma na Elspet kando yangu. Kila shamba alishuka, akawatazama kondoo masikioni, maana kila nyumba ina mkato wake. Wa kwake ulikuwa mpasuko mmoja sikio la kushoto.

Shamba moja tu tulilipita bila kushuka, la Coll Dewar, mtoto wa baba yake mdogo, Bonde la Lochay, ng'ambo ya mlima. Askari naye alilipita. Nani angemshuku Dewar kwa wizi? Sisi sote wa huku tungefanya kosa hilo. Isitoshe Coll alikuwa mzee wa kanisa na msomi wa ukoo. Wiki hizohizo alikuwa akijiandaa kupokea basi zima la kina Dewar kutoka Kanada.

Wiki ya sita gari liliishiwa maji karibu na uwanja wa malisho wa Coll, kando ya mto. Nilipokuwa nachota maji nikamwona Elspet amesimama barabarani. Kondoo wa Coll walikuwa wakila majani huku na kule. Lakini upande wa kusini arobaini hivi walijibana kwenye waya pamoja na wana wao, vichwa vyote vimeelekea mlimani, na chini ya kwato zao majani yalikuwa yamekwisha, tope tupu. Walikuwa wanatazama kwao.

Alishuka akashika sikio la mmoja. Mpasuko ulikuwa umeongezewa mkato wa pembeni. Viwili hivyo pamoja ndiyo alama ya Coll. Kumbe baba zao, walipogawana mifugo, walibakiza alama zinazofanana kama ndugu.

"Twende kwa askari," nilisema.

"Askari atampiga faini, yaishe. Mimi sitaki yaishe." Aliliachia sikio la kondoo. "Wageni wake wanafika lini?"

"Jumamosi."

"Basi Jumamosi."

Siku nne zile alipika, akafua, akaimba. Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile, na mimi, nisikufiche, nilifurahi naye.

Jumamosi mchana Coll alisimama juu ya mkokoteni kando ya uwanja ule, kilti, ile sketi ya wanaume wa huku, imepigwa pasi, wageni hamsini mbele yake na sahani za biskuti za siagi. Akawasomea asili ya jina. Akawataja wakubwa: wauza wiski wa Perth, profesa wa chupa. Kisha akanyoosha kifua. "Lakini kwanza kabisa, wapendwa, sisi tulikuwa watu wa kufuata mali iliyoibwa."

"Na bado tupo," alisema Elspet, akaondoa komeo la lango la kusini.

Kondoo hawakungoja mbwa. Walitoka mmoja nyuma ya mwingine, wakapita katikati ya wageni, wakavuka barabara, wakaanza kuupanda mlima.

"Elspet, unafanya nini na kondoo wangu?" Coll aliita.

"Kama ni wako, waite warudi."

Aliwaita. Hata mmoja hakugeuka.

"Wafuateni," Elspet aliwaambia Wakanada. "Mkiona wanaposimama, mtajua wanalala kwa nani." Na wakawafuata, wazee kwa vijana, na viatu vyao vya mjini, saa tatu nzima mpaka mlima wa Elspet. Kondoo walifika, wakainamisha vichwa, wakaanza kula.

Coll hakwenda. Nilibaki naye, na Elspet alibaki kummalizia.

"Dada, sisi ni damu moja," alisema Coll. "Niambie unataka nini. Nitakupa wengine arobaini."

"Nataka ung'oe kile kibao langoni."

"Kile cha jina?"

"Kile. Kwa mikono yako. Huna jina hilo tena."

Alikwenda kuchukua nyundo. Catriona, mkewe, alitazama kutoka dirishani, na mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti.

Coll alikufa miaka mitatu baadaye. Aliacha neno kwamba jiwe lake la kaburi lisiandikwe Dewar ila Elspet akiruhusu. Catriona akaja Bonde la Dochart kwa miguu, nami nilikuwa mlangoni na mikate.

"Wifi, nakuomba. Fundi wa mawe anangoja."

"Bado," alisema Elspet.

Alirudi mwaka uliofuata, akaambiwa bado. Alirudi wa tatu, amekonda, akaketi jikoni bila kukaribishwa. "Amekwisha kufa, Elspet. Unamwadhibu nani?"

Elspet alimmiminia supu, akamkatia mkate wangu, akamsogezea chumvi. "Niulize mwakani," alisema.

Januari iliyofuata, kabla Catriona hajarudi kuuliza, tulimzika Elspet, na jina lake limechongwa kwa herufi ndefu. Safu mbili nyuma yake kuna jiwe lililoandikwa Coll, mume wa Catriona, basi. Catriona amenijia mara mbili kuniuliza kama Elspet aliwahi kusema neno lolote garini, hata kwa bahati mbaya, linaloweza kuchukuliwa kuwa ndiyo. Kumdanganya ningeweza. Namwambia hapana.