Kitabu Kilichomuua Mama Yangu Akiwa Hai

Wanawake wanaoanza kushona kuvertire za vipande, zile blanketi za mabaki ya vitenge, huniuliza wasome kitabu gani. Cha ufundi ninacho, na nawaazima kwa moyo mmoja. Ni cha Kifaransa, kimechakaa, nilikichomoa kwenye lundo la vitabu vya mtumba hapa Goma, vumbi jeusi la volkano limejaa katikati ya kurasa. Kinaonyesha namna ya kukata pembetatu bila kuharibu kitambaa, namna ya kukutanisha ncha nne zisiachane, na namna ya kushona matabaka matatu pamoja bila la chini kujikunja. Kwa kitabu hicho nilijifunza bila mwalimu.

Cha picha, cha kumtia mtu hamu ya kushona, wananitajia wenyewe kile kikubwa chenye jalada linalong'aa. Hicho sitaki hata kukigusa.

Wakati kitabu hicho kinatengenezwa, nilikuwa nashona kwenye atelie, karakana moja ya akina mama. Kiongozi wetu alikuwa mama wa parokia yangu. Sisi tulimwita Mama Prezida. Nyumbani nilikuwa nimemaliza kuvertire ya harusi ya binti yangu wa kwanza. Kila kipande kilikuwa na furaha yake: kitenge cha kwaya yetu, kile tulichovaa siku ya ubatizo wake, na cha buluu chenye ndege, kilichotoka kwenye gauni la mama yangu anayeishi Bukavu. Alilivaa mpaka likatoboka viwiko, kisha akanipa.

Akaja mgeni mwenye kamera, akitengeneza kitabu juu ya blanketi za nchi mbalimbali. Mama Prezida aliniomba kuvertire ipigwe picha. Nikampa. Baadaye akaniomba tena ibaki ukutani pa atelie mpaka harusi ifike, wageni waione. Nikakubali, na moyoni nilifurahi.

Kitabu kilipofika, mama yangu alikuwa ameshakuja kwa boti kwa ajili ya harusi, na siku hiyo alikuwa amenisindikiza ateliani. Tulikizunguka mezani. Mama Prezida akafungua, na kuvertire yangu ikatokea, imejaa ukurasa mzima, rangi zake zimeiva kuliko macho yangu yalivyozizoea. Wenzangu walipiga vigelegele. Mama yangu akaweka kidole juu ya ndege wake wa buluu.

"Soma maneno ya chini," akaniambia. "Banasema nini?"

Nikaanza kuwafasiria kutoka Kifaransa. Yalisema kwamba blanketi hii ilishonwa katika kambi ya wakimbizi na mwanamke asiyejua kusoma. Yalisema kila kipande kilivuliwa kwenye maiti za watu wa familia yake. Ndege wa buluu, yalisema, ni nguo ambayo mama yake aliuawa akiwa ameivaa.

Mama yangu akanitazama, kisha akamtazama Mama Prezida.

"Mimi nilikufa siku gani?"

Akakishika kile kitabu kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika panya kwa mkia, akakisukuma mbali, na mkono akaupangusa kwenye kitenge chake.

Nilihisi uchafu mwilini. Mtu alikuwa ameketi mahali safi, akamvika mama yangu damu, kisha akaipamba kwa karatasi nzuri ili wengine waitazame wakinywa chai.

"Nani alimuambia yule mugeni maneno haya?" niliuliza.

Mama Prezida alikuwa anakunjakunja pembe ya kitambaa. "Mama, usikasirike. Batu ba kule banapenda habari ya mateso. Ungemuambia ni kuvertire ya harusi, angeiacha. Nilifanya juu ya faida yetu sisi wote."

Nilingoja aone haya. Hakuona. Alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyenifanyia fadhili. Tabasamu lile ndilo linalonichefua mpaka leo kuliko maneno yenyewe.

Ndipo mwenzetu mmoja, aliyekimbia vita kutoka kijiji cha Kalengera na ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akaweka sindano chini.

"Mimi nilikimbia kweli," alisema. "Nilizika batu. Lakini sikuvua maiti nguo nikashona nazo. Sasa kila mutu atakayeona kazi yangu atainusa kwanza."

Nilipanda juu ya benchi, nikang'oa misumari, nikateremsha kuvertire. Mama Prezida alinisihi niiache kidogo tu, kulikuwa na wageni wengine njiani. Mama yangu alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukaikunja, tukatoka. Nyumbani tuliifua, ingawa haikuwa na doa. Binti yangu aliolewa, akaondoka nayo.

Sikurudi ateliani. Yule wa Kalengera alinifuata baada ya muda, na sasa tunashona kwenye baraza yangu, pamoja na wengine wachache wanaotoka upande wa Lac Vert, pembezoni mwa mji. Wakitaka mawazo ya rangi, nawapeleka misani, tunaketi nyuma kabisa, tunatazama migongo ya watu na vitenge vyao.

Siku moja Mama Prezida alikuja mpaka kwenye ukuta wangu wa mawe, na nakala ya kile kitabu mkononi.

"Nimekuletea zawadi. Kurasa za mwisho ziko na modeli za muzuri sana."

Najua anasema kweli. Nilizichungulia siku ile, na ni nzuri. Nilimwambia arudi nacho. Akakiweka juu ya ukuta, akaenda zake. Mvua ilikinyeshea jioni yote, nami nilikaa ndani nikipiga pasi vipande vya kazi ya kesho. Asubuhi mtu alikuwa amekichukua.